Alichosema Metroni

Wilf Ormerod alianguka jikoni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na kitu cha kwanza alichokitaka, akiwa angali sakafuni na uso umemgeuka rangi ya uji baridi, hakikuwa daktari. Alitaka pajama.

"Zile za hospitali," alimwambia mkewe. "Droo ya chini, kulia."

"Najua ziliko, Wilf. Nilizinunua mimi."

Enid alikuwa amezinunua miaka kumi na tisa iliyopita. Katika mtaa wao kila nyumba yenye kujiheshimu ilikuwa na jozi moja ya pajama mpya, zimefungwa katika karatasi laini, zikingoja siku ambayo mwenyewe angechukuliwa. Kwa maana mtu aweza kulala kwake na viraka, lakini hawezi kulazwa na viraka mbele ya Metroni, mkuu wa wauguzi. Za Wilf zilikuwa na mistari ya buluu. Kola yake ilikuwa bado na kipande cha boksi ndani, na pini sita za dukani. Zilinunuliwa wakati Wilf alipokuwa na tumbo la mtu mmoja.

Gari la wagonjwa lilipofika, Enid alikuwa amekwisha kumvika suruali na alikuwa akipigana na vifungo. Mwanamke aliyekuja na gari akapiga magoti kando ya jiko.

"Babu, unaumwa wapi?"

"Si neno, binti."

"Tangu lini?"

"Si neno kabisa. Samahani kwa kukusumbua, na mvua yote hii."

Mwanamke akamgusa chini ya mbavu za kulia. Wilf alitoa sauti ambayo Enid hakuwahi kuisikia katika ndoa ya miaka hamsini na mmoja, kisha akasema ni kiti ndicho kilicholia.

"Niambie kwa namba, babu. Moja ni kidogo, kumi ndiyo mwisho. Maumivu yako ni ngapi?"

"Mbili," akasema Wilf, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa kola mpya, akachomwa na pini.

"Na wewe, mama? Mbona unashika meza? Hilo goti vipi?"

"Si neno," akasema Enid.

Kosa lilikuwa la sinema. Kwa miaka ishirini na miwili Wilf alikuwa mwonyeshaji katika jumba la sinema la mji ule. Alikaa katika chumba kidogo cha juu, kati ya mashine mbili zilizotoa joto kama tanuri, akiichungulia dunia kupitia kidirisha kisichozidi ukubwa wa kitabu cha tenzi. Na katika yote yaliyopita mbele ya kidirisha hicho, hakuna kilichokaa moyoni mwake kama filamu za hospitali.

Zilikuja kila mwaka, kama mafua. Watu waliotoka kusubiri zahanati mchana kutwa, juu ya mabenchi magumu, walilipa kiingilio jioni ili waitazame hospitali nyingine. Wala hawakuwa wajinga. Nje kulikuwa na moshi wa viwanda na mvua. Mle ndani shuka zilikuwa nyeupe, kila mtu alijua mahali pake, Metroni alijua kilipo kila kijiko, na ugonjwa wowote ule ulikwisha, kwa heri au kwa shari, kabla ya basi la mwisho. Ni nani asiyetaka kutazama nyumba yenye utaratibu?

Filamu moja ilizishinda nyingine zote. Ndani yake mlikuwa na mzee mchimba makaa aliyelala kitanda cha saba. Hakupewa maneno mengi. Daktari bingwa alimwuliza, "Unajisikiaje, mzee?" naye akajibu, "Si neno, Daktari," akiwa na kifo kifuani. Mji mzima ulilia. Enid, ambaye wakati huo alikuwa msichana mwenye sinia la aiskrimu lililoning'inia shingoni, aliwauzia watu waliokuwa wakitia machozi ndani ya vikombe vyao. Wilf aliionyesha filamu hiyo mara hamsini na nne. Baadaye televisheni ikaanza kuirudia Jumapili mchana. Kisha ikauzwa katika sahani za kung'aa za DVD, na Wilf akanunua mbili, moja ya kutazama na moja ya akiba.

Hivyo ndivyo alivyosoma adabu ya mgonjwa. Alihitimu vizuri sana, na elimu hiyo sasa ilitaka kumwua.

Wodini walimvua pajama baada ya dakika kumi na wakampa gauni lililo wazi mgongoni.

"Miaka kumi na tisa zimengoja," Wilf akalalama, na hilo ndilo lilikuwa lalamiko lake pekee siku ile.

"Ninazihifadhi hapa, babu," akasema muuguzi. Jina lake Jessamma Kurian, alitoka Kerala, India, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka. Alizikunja pajama zile kwa heshima kubwa, akachomwa na pini.

Alipoondoka, Wilf alimwashiria Enid ainame.

"Magurudumu," akanong'ona.

"Magurudumu gani?"

"Ya kitanda. Yanatazama huku na huku kama kondoo. Daktari bingwa anapita saa nane. Metroni akiyaona hivyo, aibu ni yetu."

"Wilf, hakuna Metroni siku hizi."

"Metroni yupo daima. Hatokei tu."

Basi Enid, mwenye miaka sabini na minne, alishuka sakafuni mbele ya wagonjwa sita na wageni wao ili ayapange magurudumu ya kitanda. La kwanza lilikubali. La pili lilikuwa na breki. Kufika la tatu, goti la kushoto lilimkatalia kabisa. Hakuweza kuendelea mbele wala kuinuka, akabaki kwa mikono na magoti kama mtu aliyepoteza pete.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijiinua kutazama. Huyo alikuwa Bwana Tattersall, mwuza mazulia mstaafu, aliyekuwa akiugua kwa sauti tangu asubuhi kama ng'ombe aliyezama matopeni.

"Mama, ukipata kitu huko chini, tugawane," akasema, kisha akarudia kuugua.

Jessamma ndiye aliyemwinua, mkono mmoja kwapani na mwingine kiunoni. "Goti hili limeanza lini, mama?"

"Lina mzaha tu. Si neno."

Jessamma akamtazama mke, akamtazama mume, akatikisa kichwa. "Nyumba nzima," akasema.

Saa nane Bi Farrant alipita. Alikuwa ndiye bingwa wa upasuaji, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira vya kijani, na nyuma yake watu watatu wenye makaratasi. Wilf alilala kwa ukakamavu kama askari gwarideni: kidevu juu, mikono miwili juu ya shuka, shuka haina kunyanzi hata moja. Jasho lilimtiririka hadi masikioni.

"Unaonekana vizuri, Bwana Ormerod. Maumivu ni ngapi sasa?"

"Mbili, Daktari. Moja na nusu, kama una haraka."

"Na hapa, nikikubonyeza?"

Wilf akafumba macho. "Una mikono ya baridi kidogo tu, Daktari. Si neno."

Bi Farrant akaandika, akahamia kitanda cha pili. "Bwana Tattersall?"

"Kumi na mbili!"

"Mwisho ni kumi."

"Basi niazimeni mbili za jirani yangu, maana yeye hazitumii."

Enid alipokuwa akitafuta chai kwenye mashine ya barazani, Jessamma alimvuta kando.

"Mama, nisikilize. Mumeo ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mfuko umevimba. Upasuaji lazima, kinachoulizwa ni lini. Kesho imebaki nafasi moja. Ikiwa maumivu yametulia, Bi Farrant atamrudisha nyumbani na vidonge, angoje wiki kumi na nne. Ikiwa hayajatulia, anaingia kesho."

"Hayajatulia. Jana usiku alikuwa akiuma mto."

"Ninajua. Ninaona anavyoikamata shuka. Nimeandika, nimesema. Lakini yeye mwenyewe, mbele ya daktari, amesema moja na nusu. Mfuko ule ukipasuka nyumbani, mama, wiki kumi na nne hatazimaliza. Daktari anapita tena saa kumi. Mwambie aseme kweli."

"Na nikimwambia asiposikia?"

"Anamsikia nani?"

Enid akafikiri kwa haki. "Kwa kweli, binti, hamsikii mtu aliye hai."

Alirudi akaketi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu.

"Wilf, mwambie kweli yule mama."

"Nimemwambia."

"Umemwambia moja na nusu. Jana ulikuwa unatafuna mto."

"Sasa nimpigie kelele? Kama huyu?" Akaelekeza kidevu kwa Tattersall. "Kuna watu wanaumwa kweli humu. Kitanda cha saba alikuwa na kifua kimejaa makaa, na alisema nini? Alisema si neno."

"Kitanda cha saba alikufa, Wilf."

"Alikufa kwa adabu."

"Alikufa!"

"Watu waliinuka vitini, Enid. Mara hamsini na nne waliinuka."

"Waliinuka kwa sababu filamu iliisha na basi lilikuwa linaondoka!"

Wilf akageuza uso ukutani. Hawakuwa wametupiana neno kali kama hilo tangu mwaka ule walipobandika karatasi za ukuta sebuleni. Enid alijishika mikono mapajani. Alikuwa amekwisha kujiona peke yake katika nyumba ile, na birika la watu wawili, na sahani mbili za kung'aa za filamu ileile.

Hapo ndipo kengele ya lifti ilipolia nje ya wodi.

Mikono ya Wilf iliinuka yenyewe juu ya shuka. Vidole vikaanza kufanya kazi hewani: vikafungua kitu, vikavuta, vikapitisha juu, chini, juu tena. Enid alivitazama. Aliijua kazi ile. Katika filamu ya kitanda cha saba, kengele ya lifti ilipolia, mkanda wa tatu ulikuwa umefika mwisho. Wilf aliwasha mashine ya pili yenye mkanda wa nne, kisha ilimbidi aitazame ile ya kwanza, autoe mkanda wa tatu na kuuvisha wa tano. Kwa dakika nne hakuchungulia kidirishani. Hata baada ya jumba kufungwa na filamu kuhamia sebuleni kwao, kengele ile ilipolia mikono yake ilidai kazi. Akainuka, akaenda kuweka birika jikoni. Ndiyo kusema kwamba kuna dakika nne za filamu ile ambazo Wilf Ormerod, mjuzi wake mkuu, hakuwahi kuziona maishani.

Enid akavuta kiti karibu.

"Wilf. Metroni alimwambia nini kitanda cha saba?"

"Metroni? Hamwambii kitu. Anamfunika shuka."

"Kabla ya shuka. Baada ya kengele."

Wilf akageuka. "Baada ya kengele nina mkanda wa tano wa kuvisha."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani ninaweka chai." Akakunja uso. "Kwani anasema kitu?"

Enid alilelewa katika kanisa la ukali mwingi, na uongo mkubwa aliowahi kuusema ulihusu umri wake. Uongo ni uongo, hata ukivishwa sare. Lakini alitazama saa, ikawa imebaki robo. Akamtazama mumewe, ikawa shavu linamcheza. Akainuka. Akavuta sweta yake chini, akakunja mikono kifuani, na ile sauti aliyokuwa akiitumia zamani kuwatuliza watu mia tisa waliotaka aiskrimu ikamrudia kutoka mahali ilikokuwa imelala.

"'Wewe, kitanda cha saba!'"

Wodi nzima ikageuza vichwa.

"'Unadhani unatupunguzia kazi? Daktari ni kama kipofu, na ulimi wa mgonjwa ndio fimbo yake. Wewe umemvunjia fimbo, kisha unamwomba avuke barabara. Huo si uvumilivu. Huo ni utovu wa nidhamu, na katika wodi yangu siuruhusu. Ukiulizwa, utajibu, na utajibu kweli. Umenisikia?'"

"Ndiyo, Metroni," akasema Bwana Tattersall, akavuta shuka hadi kidevuni.

Wilf alikuwa amefumbua kinywa. "Alisema utovu wa nidhamu?"

"Katika wodi yangu."

"Metroni mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake. Mara hamsini na nne, na wewe umewapa mgongo."

"Na mzee alijibu nini?"

Enid hakuwa ametayarisha jambo hilo. "Alichelewa kujibu," akasema. "Ndiyo maana."

Wilf akatazama dari. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba anwani aliyoitumia miaka yote ni ya nyumba nyingine.

Saa kumi viatu vya kijani vilirudi. "Haya, Bwana Ormerod. Ngapi?"

Wilf akamtazama mkewe, naye mkewe akakunja mikono.

"Tisa," akasema Wilf. "Samahani, Daktari."

"Tisa?"

"Tangu Krismasi. Inaanza hapa, inapita nyuma mpaka begani. Nikila kitu cha mafuta ninalala chini bafuni, kwa sababu vigae ni baridi. Na hapo uliponibonyeza mchana niliona nyota, Daktari, nilizihesabu, na siyo mikono yako, mikono yako ni ya kawaida kabisa." Yakamtoka yote kama gunia lililokatwa kamba, na alipofika mwisho alikuwa akilia waziwazi, bila kusingizia kiti.

Bi Farrant akaketi juu ya kitanda, jambo ambalo hakuna bingwa wa filamu aliyewahi kulifanya, akamshika mkono. Kisha akawageukia watu wake. "Kesho, wa kwanza."

"Na mimi?" akauliza Tattersall.

"Wewe una jipu la makalio, Bwana Tattersall."

"Ni tatu, Daktari," akasema Tattersall kwa unyenyekevu, huku akimtupia Enid jicho la woga. "Labda nne nikikaa."

Walimtoa mawe thelathini na moja. Bi Farrant alimpa katika kichupa, na Wilf akakiweka juu ya rafu ya sebuleni, kando ya saa, akamwonyesha hata mtu wa posta.

Enid alizificha sahani zote mbili za kung'aa nyuma ya mkebe wa unga. Lakini televisheni haina bwana wa kuiamuru. Jumapili ya tatu, mvua ikinyesha, Wilf amekaa kitini na pajama zake za mistari, zimefuliwa na hazina pini, sura ya zamani ikatokea kwenye kioo: korido nyeupe, shuka nyeupe, kitanda cha saba.

"Ahaa!" akasema Wilf.

"Nikuwekee chai?" akauliza Enid upesi.

"Baadaye."

"Au uweke wewe. Daktari alisema utembee."

"Leo sitembei, Enid. Leo nina dakika nne zangu ninazodai."

Kengele ya lifti ikalia. Mikono ya Wilf iliruka, akaikalia. Metroni akaingia. Akasimama mbele ya kitanda cha saba. Akaitia ufunguo saa ndogo iliyoning'inia kifuani mwake, akatoa ua moja lililonyauka katika chombo, akatazama dirishani kwa muda mrefu. Kisha akaenda zake. Hakusema neno.

Nyumbani mwa akina Ormerod napo hapakusemwa neno.

"Labda wamekata," akasema Enid hatimaye.

"Nimekata na kuunga mikanda miaka ishirini na miwili. Nikiona mkato ninaujua." Wilf hakuondoa macho kwenye kioo. "Kwa hiyo ulisema uongo. Wodini, mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Kwa sauti ya Metroni."

"Ndiyo, Wilf."

"Yako ilikuwa nzuri zaidi." Akafikiri. "Huyu anatazama tu dirisha."

Enid akainuka ili akaweke ile chai. Alishika mkono wa kiti, akasubiri goti likubali, kisha akaenda upande upande, kama kaa, mkono ukitambaa ukutani mpaka mlango wa jikoni. Alikuwa akienda hivyo kwa miaka miwili, na mumewe alikuwa akitazama filamu.

"Enid."

"Chai inakuja."

"Hilo goti."

"Si neno."

Alipogeuka, Wilf alikuwa amesimama, yeye aliyesema leo hatembei, na mikono ameikunja juu ya mistari ya buluu.

"Wewe, kitanda cha nane," akasema. Sauti yake haikuwa ya Metroni hata kidogo; ilitetemeka mno. "Moja mpaka kumi."

Enid alishika birika. Kwenye kioo yule bingwa alikuwa amefika kitanda cha saba na alikuwa akimwuliza mzee anajisikiaje.

"Nane," akasema Enid. Kisha, baada ya kusikia jinsi lilivyosikika nyumbani mwake: "Ngazini, nane na nusu."

Wilf akachukua kidude cha televisheni, akaizima kabla mzee hajajibu. Akaanza kutafuta miwani ili aione namba ya simu ya daktari.

"Gauni langu la kulalia," akasema Enid kutoka jikoni, kwa sauti ndogo. "Droo ya chini, kushoto."

"Najua liliko," akasema Wilf. "Nitalitoa pini kwanza."